Namba Kwenye Pindo

Katika miaka ya sabini mwanamke wa Nairobi alitembea mjini bila kipande, yaani kitambulisho. Kipande kilikuwa cha wanaume. Sisi tulipewa baadaye, karibu na mwisho wa miaka hiyo. Mwanamume akigongwa na gari, askari alitia mkono mfukoni mwake, akatoa kitambulisho chenye picha na alama ya kidole, na kabla ya jua kutua watu wake wamepata habari. Mwanamke akigongwa, cha kwanza kuondoka ni mkoba wake, na mkoba ukishaondoka anabaki mwili na nguo tu. Sisi wanawake wa Shauri Moyo hatukuwa tumelifikiria jambo hilo mpaka lilipobisha mlangoni kwetu.

Lilianza na mama mmoja wa safu yetu ya nyumba aliyekuwa akiuza sukuma wiki katika soko la Burma. Alikwenda mjini asubuhi kununua sare ya shule ya binti yake, na hakurudi. Mumewe alizunguka hospitali, akazunguka vituo vya polisi, akarudia tena vile alivyokwisha kwenda. Siku ya nne akampata katika chumba cha maiti, kidole cha mguu kimefungiwa karatasi yenye namba, bila jina. Alikuwa amegongwa katikati ya mji, juu ya ile mistari myeupe ya kuvukia, saa nne ya asubuhi, watu wamejaa pande zote mbili za barabara. Wote walimwona na hapakuwa na hata mmoja aliyemjua.

Kwenye matanga wanawake hawakuzungumzia gari. Walizungumzia zile siku nne. Kufa kila mtu atakufa, walisema, lakini kulala siku nne unaitwa namba, na watu wako wako umbali wa mwendo wa nusu saa kwa miguu! Sikumbuki ni nani aliyetoa shauri, lakini kabla ya chai kuisha lilikuwa limekubaliwa: kila mwanamke wa safu yetu ashonewe kitambaa ndani ya pindo la petikoti, kiandikwe jina lake, Shauri Moyo, na namba ya nyumba. Mmoja akauliza kwa nini petikoti. Mwenzake akamjibu, "Umeona wapi mwizi akivua mtu petikoti barabarani?" Watu walicheka pale pale matangani, na aliyecheka sana ni dada wa marehemu.

Kazi ikaangukia kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na cherehani. Nilishonea kwenye baraza la duka moja upande wa Gikomba, na mtaani hawakuniita kwa jina lingine ila Fundi. Wenzangu wote waliitwa kwa watoto wao, mama wa fulani na mama wa fulani. Mimi nilikuwa nimeolewa Murang'a miaka saba bila mtoto, nikaondoka kabla sijafukuzwa, na nilipofika kwa ndugu zangu nikaambiwa shamba ni dogo. Fundi ni jina zuri la kazi. Lakini jioni, safu nzima inapoitana kwa majina ya watoto, mtu wa jina kama hilo hujua kwamba haitwi ila kama kuna zipu imeharibika.

Nilishona kwa majuma mawili. Vitambaa vilikuwa vya marekani, upana wa vidole viwili, na herufi nilizitia kwa uzi mwekundu ili zisipotee kwenye maji. Wateja wangu hawakukosa vituko. Mmoja alikataa namba ya nyumba yake akataka ya kaka yake kule Bahati. "Polisi wakija kwangu watamkuta bwana amelala hoi na pombe," alisema, "watadhani maiti ni yeye." Mwingine alitaka niongeze jina la kanisa lake, asije akazikwa na watu wa dhehebu lingine wakamwimbia nyimbo asizozijua. Nilishona nikicheka, na nikikata uzi kwa meno nilimwonea wivu kila mmoja wao. Wote walikuwa na mtu wa kumpigia kelele na wa kumwandika.

Wa mwisho alikuwa jirani yangu wa mlango wa kulia. Nilikuwa na majirani pande zote, lakini nikisema jirani watu walijua namsema huyo, naye akisema jirani alinisema mimi. Alikuwa Mkamba wa Kitui, amenizidi kama miaka kumi, mtu wa maneno machache na amri nyingi. Alifagia na kupiga deki ofisi moja mjini. Hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa dereva wa lori la Mombasa, na huko Mombasa alikuwa amepata jiko lingine. Mara ya mwisho kumwona alikuja kuchukua redio.

Kati ya chumba chake na changu palikuwa na ukuta mwembamba. Kila jioni akirudi aligonga ukuta mara tatu kwa mwiko, maana yake nimefika. Nami niligonga mara tatu kwa mkasi, maana yake nimesikia. Nikichelewa mimi, nilikuwa wa kwanza kugonga. Hatukuwahi kupanga jambo hilo. Ilitokea tu, na miaka minne ikapita hivyo.

Jumamosi tulikuwa na jambo lingine. Mimi nilikwenda Biashara Street kununua uzi, vifungo na zipu, naye kazi yake iliisha saa saba kasoro. Tulikutana kwenye kona ya mji, mbele ya duka la viatu, tukarudi nyumbani pamoja kwa miguu. Kutoka pale ilibidi kuvuka barabara moja pana ndipo ushuke River Road, na barabara hiyo ndiyo iliyomwua mama wa sukuma. Mistari myeupe ilikuwapo, lakini madereva wa siku hizo waliiona mistari kama pambo la halmashauri. Sisi watu wa mitaani tulikuwa na sheria yetu: ngoja watu wawe wengi, kisha mvuke kwa kundi. Gari husimama kwa watu, halisimami kwa mtu. Basi mlisimama ukingoni, mafundi, makarani, akina mama na vikapu, watu wasiojuana, mkitazamana kwa pembe ya jicho mpaka mmoja aseme, "Haya twende," na wote wateremke kwa mguu mmoja. Mkifika ng'ambo, kila mtu anashika njia yake bila hata kwaheri.

Jirani yangu alikuwa na namna yake ya kuvuka. Hakunishika kiganja, alinishika kifundo cha mkono. "Mkono huteleza," alisema, "kifundo hakina mahali pa kwenda." Alikibana mpaka tufike ng'ambo, na hata tukifika alisahau kukiachia, tukateremka River Road mimi nimeshikwa kama mtu aliyekamatwa akiiba vifungo vya shati. Nilimnung'unikia kila Jumamosi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naingoja Jumamosi tangu Jumapili.

Siku aliyoleta petikoti yake alikaa kitandani kwangu, akanywa chai, akanitazama nikitia uzi kwenye sindano.

"Niandikie namba yako," akasema.

"Namba yangu kwa nini? Wewe una nyumba yako."

"Nyumba yangu ina kufuli mchana kutwa. Askari akija atasalimiana na kufuli? Niandikie yako. Na wewe ujiandikie yangu. Tuandikane."

Maneno yale, nikiyakumbuka leo, sijawahi kuambiwa mema kuliko hayo na mtu mzima. Siku ile niliyasikia vingine. Niliyasikia kama huruma, na mimi nilikuwa mtu ambaye ukimpa huruma anatafuta jiwe. Nikamwambia, "Mimi nina watu wangu."

"Wako wapi?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na hapo ndipo paliponichoma. "Wako wapi, jirani? Mwaka wa nne huu tunakaa hapa. Mimi sijasikia hata mmoja akipiga hodi."

"Angalau mimi," nikasema, "mume wangu hakunikimbia akapikiwe Mombasa."

Alikiweka kikombe chini pole pole. Chai ilikuwa bado nusu. Akasema, "Haya," akatoka. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukuwa na hata mwenyewe. Nilikaa dakika chache, kisha kwa hasira nikaishona petikoti yake: jina lake, Shauri Moyo, na namba ya nyumba yake mwenyewe, yenye kufuli. Nikampa kupitia dirishani. Jioni ile ile nikashona na yangu, jina langu na namba ya nyumba yangu, nikaivaa, nikajiona nimewajibu walimwengu wote.

Jioni ya kwanza baada ya hapo aligonga ukuta kama kawaida. Sikujibu. Jioni ya pili akagonga, sikujibu. Mkasi ulikuwa mkononi. Nilijiambia akigonga mara nyingine moja tu nitamjibu, na akigonga nilijiambia kesho. Iliendelea hivyo kwa muda wa mwezi na zaidi, yeye akigonga mara tatu, mimi nikikaa upande wangu na mkasi, na chumba changu kikawa kimya kuliko kilivyokuwa kabla sijamjua. Kabla sijamjua sikuwa nimezoea kuambiwa kwamba mtu amefika.

Jumamosi niliacha kupita kwenye duka la viatu. Nilizungukia chini zaidi, mahali pasipo na mistari, nikavuka na watu wa mikokoteni. Siku nyingine sikupata kundi, nikavuka peke yangu. Asiyewahi kuvuka barabara ile peke yake hajui ilivyo. Unatia mguu, unautoa. Peugeot inapita, Datsun inapita, basi linapita na upepo wake unakuvuta nguo. Dereva anakutazama usoni na bado anakanyaga mafuta. Nilisimama pale nikabana kifundo changu kwa mkono wangu mwingine, na ni hapo nilipokiri moyoni kwamba nimekuwa mpweke kwa kujitakia.

Basi ikafika Jumamosi moja ya manyunyu. Nilikuwa nimenunua zipu kumi na mbili na uzi wa rangi, nimezikumbatia kifuani zisilowe, na mawazo yalikuwa mbali, miguu ikanipeleka yenyewe njia ya zamani. Nilipoinua macho niliona duka la viatu, na mbele yake alikuwa amesimama jirani. Alikuwa na mkoba wake wa ukili na kitambaa kichwani. Magari yalikuwa mbele yake lakini hakuyatazama. Alitazama nyuso za watu waliokuwa wakija kutoka Biashara Street, mmoja baada ya mwingine.

Alikuwa akiningoja. Wiki zote zile alikuwa akiningoja pale, na mimi sikujua kwa sababu sikupita.

Nilijibanza nyuma ya nguzo ya baraza. Kati yetu palikuwa na hatua kama ishirini. Ningezipiga zile hatua, asingesema lolote. Angenishika kifundo tukavuka. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichonizuia, na kila nikitafuta sababu kubwa siipati. Ilikuwa tu kwamba mimi ndiye ningelazimika kufungua mdomo kwanza. Nikageuka, nikarudi nilikotoka, nikazungukia kule chini kwa watu wa mikokoteni. Saa ya mnara wa mjini ilikuwa saa saba.

Jioni ukuta haukugongwa. Nilikaa nikingoja, kwanza nimetulia, kisha nimekasirika. Nikasema moyoni, aha, hatimaye amenichoka. Niliumia kana kwamba ni yeye aliyenikosea. Jumapili mlango wake ulikuwa na kufuli. Nikasema ameenda kanisani, na kutoka kanisani ameenda kwa Wakamba wenzake huko Makadara. Jumapili jioni ukuta ukawa kimya tena. Nililala vibaya, nikaamka nikiwa nimeshika mkasi.

Jumatatu asubuhi, ninafunga mlango niende kazini, askari mmoja akaja kwenye safu yetu akisoma namba za milango. Akasimama kwangu.

"Hodi, mama. Iko mwenyewe hapa?"

"Ni mimi."

Akatoa bahasha ya kahawia, na ndani ya bahasha kipande cha nguo kilichokatwa kwa makasi. Marekani niliitambua, ilikuwa yangu. Uzi haukuwa wangu. Uzi wangu mwekundu ulikuwa umefumuliwa mahali pa namba, matundu ya sindano yakionekana bado, na juu yake mtu asiyejua kushona alikuwa ametia namba nyingine kwa uzi mweusi, mishono mikubwa, mirefu na mifupi, imelala huku na huku. Namba ile ilikuwa ya mlango nilioushika.

"Huyu mama unamjua?" akauliza.

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Basi wewe ndio mtu yake. Iko hospitali. Iligongwa na gari Jumamosi pale kwa zebra. Iko hai, usilie. Mguu na kichwa. Mpaka jana ilikuwa haiongei."

"Saa ngapi?" nikamwuliza.

"Ati?"

"Jumamosi, saa ngapi?"

Akafungua kitabu chake kidogo. "Saa saba na nusu."

Alikuwa amenisubiri nusu saa nzima baada ya mimi kugeuka. Askari alifikiri nalia kwa ajili ya mguu, akaniambia kwamba mifupa siku hizi inaungwa vizuri.

Sikwenda kazini. Nilikwenda moja kwa moja hospitali, nikakaa nje ya lango mpaka saa ya kuona wagonjwa. Ndani, muuguzi mmoja alinizuia kwenye mlango wa wadi. Alitaka kujua mimi ni nani wa mgonjwa. Dada? Hapana. Shemeji? Hapana. Kabila moja? Hapana. Akaanza kufunga daftari lake. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeandikwa." Sijui alielewa nini, lakini aliniacha nipite.

Alikuwa kitanda cha mwisho, kando ya dirisha, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzani, kichwa kimezungushiwa bandeji. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja. Alinitazama kwa muda mrefu kwa lile jicho moja lililokuwa wazi.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Nilikuona."

Nilijua papo hapo alichosema, lakini nilijifanya sikujua. Niliuliza ameniona wapi.

"Jumamosi. Nyuma ya nguzo. Zipu zako zilikuwa zinachungulia." Alipumzika kidogo, maana kusema kulimchosha. "Ulipogeuka nikasema, huyu ataona aibu, atarudi. Nikangoja. Kisha watu wakateremka, nami nikateremka nao nikitazama nyuma. Kutahamaki niko peke yangu katikati ya barabara."

Nilipiga magoti kwenye sementi. Nilimwomba radhi kwa yote, ya Mombasa, ya ukuta na ya nguzo, bila mpangilio, nikirudia rudia. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Simama," akasema, "unachafua nguo. Nionyeshe pindo lako."

"Pindo gani?"

"La petikoti. Nionyeshe ulimwandika nani. Hao watu wako."

Nilikunja sketi kidogo, nikamwonyesha kitambaa changu, herufi nyekundu zilizonyooka, kazi ya fundi hasa. Alisoma jina. Alisoma namba. Akaisoma tena, na tumbo lake likaanza kutikisika.

"Hii si ni nyumba yako?"

"Ndiyo."

"Sasa, jirani, wewe ukigongwa, askari anakuja kubisha kwako. Atafunguliwa na nani? Utafufuka umfungulie?"

Kwa muda wote ule, miezi miwili kasoro, nilikuwa nimeivaa namba ile bila hata siku moja kuona upumbavu wake. Wenzangu waliandika nyumba zao kwa sababu zilikuwa na watu ndani. Mimi niliwaiga, nikasahau kwamba mtu pekee wa nyumba yangu ni yule aliyekwisha gongwa. Alicheka mpaka akashika mbavu kwa maumivu, mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka, na mimi nikacheka naye huku kamasi zinanitoka. "Fumua," akaniamuru. Nilifumua kwa meno, mbele yake, nikiwa nimesimama mguu mmoja. Jioni nilishona namba yake kwa uzi mweusi.

Nilikwenda kila siku kwa muda wa wiki saba, na chupa ya uji. Mguu uliungwa, lakini uliungwa mfupi. Ofisi ilikuwa imeshapata mfagiaji mwingine. Habari zikafika Kitui, na siku moja nikamkuta kaka yake kando ya kitanda, mchonga vinyago, mtu mpole mwenye makovu ya tezo vidoleni, akizungumza naye Kikamba. Sikuhitaji mkalimani. Mtu wa magongo hawezi kutoka Shauri Moyo hadi mjini kwa miguu kila alfajiri, na chumba hakilipiwi na huruma ya jirani. Nilitaka kusema nitamlisha mimi. Nilisema. Akaniambia, "Wewe kwanza jifunze kujibu ukuta."

Niliwasindikiza hadi stendi ya mabasi ya mashambani. Magongo yalipandishwa juu ya basi pamoja na godoro; mwiko wake aliubakisha mkononi, akanipa kupitia dirishani. Kisha akatoa mkono akanishika kifundo. Basi lilikuwa linanguruma, kondakta anagonga bati, na yeye hakuachia.

"Ngoja watu wawe wengi," akasema. "Usivuke peke yako."

"Sitavuka peke yangu."

Basi liliondoka. Nilikuwa sijanunua uzi wiki nzima, hivyo nikapanda mjini, nikanunua, nikarudi mpaka kwenye duka la viatu. Nilisimama pale nikangoja watu. Walikuja kumi, labda kumi na watano, mtu mmoja akasema haya twende, tukavuka. Nilivuka katikati ya kundi kama nilivyoagizwa, na tulipofika ng'ambo kila mmoja alikwenda zake.

Jioni ile niligonga ukuta mara tatu kwa mwiko. Nilijua chumba ni kitupu. Niligonga tu, kwa sababu nilikuwa nimefika na hapakuwa na mwingine wa kumwambia. Niligonga kesho yake, na kesho kutwa, na kila jioni mpaka mwisho wa mwezi. Kitui nilimwandikia barua mbili. Ya pili ilijibiwa na kaka yake, kwa mistari michache: dada anasalimu, mguu unamsumbua wakati wa baridi, anauliza kama unavuka vizuri.

Mwezi uliofuata chumba kilipata wapangaji, mume na mke na mtoto mchanga. Sikuwa nimewaona, waliingia nikiwa kazini. Nilirudi kutoka mjini nimechoka, petikoti imelowa kwa mvua, nikatia kufuli kwa ndani, na kabla sijawasha taa nilichukua mwiko nikagonga mara tatu.

Upande wa pili sauti ya mwanamke, kijana, yenye wasiwasi, ikauliza, "Nani huyo?"

Nilisimama gizani na mwiko mkononi. Ndani ya pindo langu, kwa uzi mweusi, nilikuwa nimevaa namba ya nyumba ambayo sasa ilikuwa yake.

"Nani?" akauliza tena.

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi, nimevuka, nimefika salama. Lakini hakuwa ameniuliza hilo, nami nikauweka mwiko mezani, nikawasha taa.